Royal Signals Museum, Blandford: simu ya upepo katika kambi inayoifundisha

Wazee wetu waliotumikia jeshi na polisi waliiita redio ya mawasiliano "simu ya upepo", na jina hilo ndilo lililonijia nilipoingia Royal Signals Museum, makumbusho ya kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Uingereza, yaliyomo ndani ya kambi ya Blandford huko Dorset. Kambi hiyo ingali hai: shule ya mawasiliano ya jeshi ilihamia hapo kutoka Catterick mwaka 1967, na mpaka leo askari wanajifunza redio na mitandao papo hapo. Ndiyo maana mgeni hukaguliwa langoni, na mtu mzima asiye na kitambulisho chenye picha asijisumbue kufunga safari.

Kikosi hicho kiliundwa mwaka 1920. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa mikononi mwa wahandisi wa jeshi, waliotandaza nyaya za simu kwa mikokoteni ya farasi na kutoka handakini kuziunga kila zilipokatwa na mizinga. Sisi watu wa Dar es Salaam tuna sababu ya kuitazama sehemu hii ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa makini, kwani tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza HMS Astraea iliushambulia mji wetu, shabaha yake ikiwa kituo cha redio cha Wajerumani.

Enigma, mashine ya Wajerumani ya kufumba ujumbe wa siri, niliipita upesi, kwa kuwa habari zake zimeandikwa mno. Kilichonishika ni redio za majasusi wa Vita vya Pili vya Dunia, hasa ile ya sanduku. Kwa nje ni sanduku la nguo la msafiri yeyote. Ndani mna chombo cha kupokelea, cha kurushia, cha umeme na kisanduku cha vipuri, vyote vikiwa na uzito wa kilo 15 hivi. Nguvu yake ni kama wati 20, yaani chini ya balbu ya kawaida ya zamani, lakini opereta hodari aliweza kufikisha ujumbe London kutoka Ufaransa iliyotekwa na Wajerumani kwa nguvu hiyo.

Hapo ndipo nilipoelewa mafunzo ya maopereta hao yalikuwa ya nini. Kifaa unaweza kukizoea kwa siku chache. Sikio na mkono huhitaji miezi. Kila opereta hubonyeza Morse, yaani alfabeti ya milio mifupi na mirefu, kwa mwendo wake, kama mwandiko wa barua, na aliyefunzwa kumsikiliza aliweza kutambua kwamba anayetuma si yeye. Opereta alifunzwa pia kusema machache na kuzima mapema, kwa sababu magari ya Wajerumani yalikuwa yakizunguka mitaani kutafuta mawimbi yanakotokea. Noor Inayat Khan, opereta wa redio aliyepelekwa Paris na Waingereza Juni 1943, aliendelea kutuma ujumbe hata wenzake walipokwisha kukamatwa mmoja mmoja. Aliuawa mwaka uliofuata huko Dachau, kambi ya mateso ya Wajerumani.

Ninayapendekeza makumbusho haya kwa moyo wote, hasa kwa mwanafunzi wa elektroniki na kwa askari mstaafu. Asiyejua lolote kuhusu masafa ya redio asione haya kuuliza, maana vifaa vingi havijielezi kwa macho. Tengeni saa tatu, tena mwende kwa gari, kwa kuwa treni ya abiria haifiki Blandford tangu mwaka 1966.