Nilinyimwa viza ya Ujerumani kwa kusema nakwenda kutalii

Binti yangu anaishi Hamburg, ni muuguzi huko. Mwezi wa sita mwaka 2025 alinipigia simu kunambia ana mimba na anatarajia kujifungua katikati ya Januari. Sikusubiri aniombe. Kwetu Tanga, mtoto wa kike akijifungua mara ya kwanza mama yake yupo. Yupo kumkanda, yupo kumpikia uji wa pilipili manga, yupo usiku kichanga kikilia, mpaka arobaini itoke. Nikaanza kutafuta viza siku ile ile.

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliogopa. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, fomu nimejaza nyingi, lakini neno Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, lilinitisha nikaamini kuna watu maalumu wa kazi hiyo. Mtu akanielekeza kwa wakala mmoja Dar es Salaam. Kijana mchangamfu, ofisi safi, picha za mnara wa Paris ukutani. "Mama yangu, niachie mimi," akasema. Bei yake laki sita, mbali na ada ya viza yenyewe.

Nilimwambia wazi nakwenda kumlea mzazi. Akatikisa kichwa. Akasema ukitaja mwanao yuko kule watadhani unahamia, heri tuandike utalii. Akanitengenezea hoteli ya Berlin siku kumi na ratiba ya kutembelea makumbusho. Akaangalia taarifa yangu ya benki, ambako pensheni yangu ya PSSSF huingia kila mwezi na kutoka kidogo kidogo, akasema ni nyembamba. Nikakopa milioni nane kwa shemeji, nikaziweka, siku mbili baadaye nikachukua taarifa ya benki iliyopigwa muhuri. Nikamrudishia shemeji pesa zake wiki iliyofuata.

Siku ya miadi nilikuwa na faili zuri kuliko yote niliyowahi kubeba. Kwanza alama za vidole. Chaki na jembe vimenilainisha vidole, mashine ikakataa mara tatu. Dada wa dirishani akanipa karatasi laini yenye unyevu, akasema, "Mama, futa, halafu bonyeza taratibu, usikaze." Mara ya nne ikakubali. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama nina ndugu Ujerumani.

Wakala hakuwa amenifundisha jibu la swali hilo. Nikasema ninaye binti, yuko Hamburg, ni mjamzito. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Sasa mbona umeandika hoteli Berlin?" Nilikaa kimya. Kisha akaweka kidole juu ya zile milioni nane, akauliza zimetoka wapi. Nikasema nimekopa. Yule dada hakunikaripia, alipokea tu faili langu na kuendelea.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Ndani ya pasipoti kulikuwa na karatasi ya kukataliwa, ile fomu moja inayotumika nchi zote za Schengen, yenye visanduku. Viwili vilikuwa vimewekwa alama: taarifa nilizotoa kuhusu dhumuni la safari haziaminiki, na kuna shaka kama nitaondoka kabla viza haijaisha. Nililia, sina haya kusema. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa karatasi zile walikuwa na haki. Hata mimi nisingejiamini.

Wakala hakurudisha hata shilingi. Alisema kazi aliifanya. Tena akaniambia niongeze laki tatu aandike barua ya kupinga uamuzi ubalozini. Hapo ndipo binti yangu alipoingia kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, akasoma kwamba utaratibu huo wa kupinga kwa barua ulifutwa duniani kote tangu 1 Julai 2025. Kijana alitaka kuniuzia kitu ambacho hakipo tena. Ukinyimwa sasa, njia ni mbili: kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja, au kuomba upya na kulipa upya. Kunyimwa hakukufungii mlango. Rekodi inabaki kwenye mfumo wao miaka mitano na nchi nyingine za Schengen zinaiona, lakini unaruhusiwa kurudi hata kesho yake kama una jambo jipya la kueleza. Mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa lile lile nililomwambia wakala siku ya kwanza.

Mara ya pili tulifanya wenyewe, mimi na binti yangu, yeye kwenye simu kule na mimi na miwani yangu huku. Fomu inajazwa mtandaoni bure, kisha unaichapa na kuweka sahihi. Kwenye dhumuni tuliandika kutembelea familia. Anwani ya malazi ikawa ya binti.

Karatasi iliyobeba kila kitu inaitwa Verpflichtungserklärung. Jina lake refu lakini maana yake ni nyepesi: mwenyeji wako anakwenda kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha hati za mshahara na mkataba wa nyumba, kisha anaweka sahihi mbele ya ofisa kwamba ukiugua, ukikwama au ukihitaji kurudishwa, gharama ni zake. Anailipia yuro 29. Si barua ya mwaliko ya kawaida ambayo kila mtu anaweza kuandika mezani kwake, hii ina nguvu ya sheria na serikali inaweza kumdai. Nakala halisi ndiyo inayotakiwa, picha ya WhatsApp haisaidii, kwa hiyo alinitumia kwa njia ya haraka. Na lazima itumike ndani ya miezi sita tangu isainiwe, basi usimsukume mwanao aichukue mapema kupita kiasi. Kwa karatasi hiyo sikuhitaji milioni nane za mtu. Taarifa yangu ya benki nikaipeleka na wembamba wake.

Kisha ikaja kazi ya kuthibitisha kwamba mimi ni mama yake kweli. Cheti chake cha kuzaliwa kinaandika jina langu kwa herufi moja pungufu kuliko pasipoti. Miaka yote hiyo hatukuijali herufi ile. Safari hii nilikwenda kwa wakili nikala kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, nikaambatanisha na kitambulisho cha NIDA. Ninyi mnaojiandaa, shikeni vyeti vyenu vyote leo mvisome herufi kwa herufi.

Kuhusu shaka ya kurudi nyumbani, nilikaa usiku mmoja nikajiuliza: nini kinanirudisha mimi Tanga? Mume wangu yuko, ana sukari na mimi ndiye ninayempimia. Pensheni yangu iko. Nyumba iko, na shamba la michungwa Muheza. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama 24, na mwezi wa tatu tunagawana. Yote hayo yana karatasi! Cheti cha ndoa, barua ya pensheni, hati ya nyumba, barua ya mtendaji wa mtaa, barua ya kikoba yenye muhuri. Zile za Kiswahili nilizipeleka BAKITA zikatafsiriwa kwa Kiingereza. Nikaandika na barua yangu, ukurasa mmoja tu: kwamba mara ya kwanza niliombewa kama mtalii, kwamba haikuwa kweli, na ukweli ni huu.

Mengine yalikuwa mepesi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, unalipa kwa shilingi, na hairudi ukinyimwa. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000 na ifunike siku zote na nchi zote za Schengen. Picha ni milimita 35 kwa 45. Pasipoti iwe haijapita miaka kumi tangu itolewe, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Tiketi usinunue, weka nafasi tu. Vidole hawakunichukua tena, vilikuwa tayari kwenye mfumo na vinatumika miezi 59.

Nilipoulizwa dirishani nakwenda kufanya nini, nilijibu kwa Kiswahili: nakwenda kumlea mzazi mpaka arobaini. Nikaulizwa mzee atabaki na nani. Nikasema na dada yake, siku 60, kisha narudi. Maswali yakaishia hapo.

Viza ilitoka. Na hapa naomba msome polepole, maana jirani yangu nusura anipoteze. Stika ina tarehe mbili na namba moja. Yangu iliandikwa inaanza 4 Januari 2026 na kuisha 19 Machi, na chini yake siku 60. Jirani akasema, "Umepewa mpaka kumi na tisa Machi!" Hapana. Zile siku 15 za ziada wanaziweka ili ndege ikiahirishwa usikose safari. Siku za kukaa ni 60 tu, na siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia. Ukizidisha hata moja, umevunja sheria na maombi yajayo yataonyesha. Stika hiyo inafungua nchi 29, ila Uingereza haimo wala Ireland, kwa hiyo mdogo wangu wa London alibaki kunisalimia kwa simu.

Mzigo nao una masharti yake, na wengi huyajua wakifika. Nilishafunga samli ya nyumbani, kopo mbili, maana mzazi bila samli ni mzazi gani? Binti akanikataza. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya havipiti kwenye mzigo wa abiria, hata kidogo. Machungwa yetu nayo hayapiti bila cheti cha afya ya mimea. Lakini kuna matunda matano yanayopita bila cheti: nanasi, ndizi, tende, duriani, na nazi. Nazi! Nilibeba sita zilizofuliwa. Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20, nikafunga ng'onda kilo mbili katika mifuko mitatu, nguo zisinuke. Asali mwisho kilo mbili. Pilipili manga, iliki na tangawizi ya unga vilipita bila neno.

Niliruka kupitia Addis Ababa, nikashukia Frankfurt asubuhi ya tarehe 4. Kupewa viza hakumaanishi umeshaingia, askari wa mpakani naye ana haki ya kuuliza, kwa hiyo karatasi zangu zote zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kompyuta unaosajili kila mgeni anayeingia na kutoka. Nilipigwa picha ya uso, na pasipoti ikagongwa muhuri vilevile. Askari alitaka kuona tiketi ya kurudi na ile karatasi ya dhamana. Akauliza kwa Kiingereza nakwenda kwa nani. Nikamwambia, kwa binti yangu, ana mtoto tumboni. Akatabasamu kidogo, akanirudishia pasipoti.

Kwa huduma ya wakala sina nyota ya kutoa. Alichukua laki sita kwa kunifanya niseme uongo ambao sikuuweza, na akanipotezea miezi miwili ambayo mwanangu aliibeba kwa wasiwasi na tumbo lake. Ukimwona mtu anakuhakikishia viza, au anakwambia ufiche mwanao, chukua faili lako uondoke. Utaratibu wenyewe nauona mgumu na wa gharama kwa mstaafu, ada mbili za yuro 90 si mchezo, lakini ukienda na mambo yako ya kweli unaeleweka.

Mjukuu alizaliwa 15 Januari, msichana. Nazi ya kwanza niliivunja siku ya tatu, kwenye ngazi za nyuma za jengo lao, baridi inakata masikio, nikamkunia mwanangu wali. Arobaini ilitoka 24 Februari. Tarehe 1 Machi nilipita tena Frankfurt, askari akaangalia kompyuta yake, akanigongea muhuri wa kutoka. Nilikuwa nimekaa siku 57.