Gasketi ya tapeti kava: ikunjue mezani kabla hujatoa hela

Toyota IST yangu ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya oili inayoungua, ile inayoingia ndani kupitia feni ukipunguza mwendo kwenye tuta. Kwa wiki nzima nilikuwa nalaumu magari ya mbele yangu. Siku moja nikasimama Mikindani kununua samaki, nikafungua boneti, nikakuta moshi mwembamba unapanda kutoka nyuma ya injini, kule upande wa dashibodi ambako macho hayafiki. Injini za IST, yaani 1NZ na 2NZ, ekzozi yake imekaa huko huko nyuma. Kwa hiyo tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, ikivuja kwa nyuma kwenye gasketi yake, ile raba ya kuziba oili, oili inadondokea kwenye chuma cha moto. Hutaona tone chini ya gari. Utanusa tu.

Fundi wangu wa Chikongola akapitisha kidole nyuma ya kava, kikatoka cheusi. "Mama, hii tapeti kava. Gasketi imekauka." Nikaenda dukani, nikanunua ya shilingi 15,000, ikafungwa jioni ile ile. Wiki ya tatu harufu ikarudi, na ilirudi nikiwa safarini kwenda Masasi. Kilomita kama 200 za kunusa pesa yangu ikiungua.

Kava ilipofunguliwa mara ya pili, gasketi ilikuwa bado laini, haina mpasuko popote. Ila kwenye kona ya nyuma ilikuwa imechomoka kwenye mfereji wake na kubanwa pembeni, bapa kama utepe. Nikaiangalia ile sehemu, nikakumbuka. Pale ndipo palipokuwa na mkunjo. Ile gasketi niliinunua ikiwa kwenye kipakiti kisichozidi kiganja, imekunjwa mara tatu kama barua.

Basi mwongozo huu ni wa mikunjo. Wengine watakwambia uhakikishe gasketi inalingana na injini yako, upeleke namba ya chasisi, ulinganishe na ile ya zamani. Ni kweli, fanya hivyo, mimi sirudii. Ninachokereka nacho ni kwamba hakuna anayezungumzia namna gasketi ilivyohifadhiwa kabla haijakufikia, na hapo ndipo wengi tunapopigwa.

Gasketi ya tapeti kava ya injini ya plagi nne ni mzunguko mmoja mrefu wa raba. Inalala kwenye mfereji ulioko chini ya kava, na kazi yake ni kubanwa sawasawa pande zote. Ukiikunja raba ukaiacha imekunjwa muda mrefu, inashika umbo la ule mkunjo. Sasa fikiria kipakiti kimetundikwa kwenye msumari mlangoni mwa duka, jua la Mtwara linakipiga tangu asubuhi, mwaka mzima, pengine miwili. Jua na joto ni adui wa raba. Siku unapoinunua, pale penye mkunjo pameshachoka. Fundi anaipanga kwenye kava, anaigeuza kava juu chini ili aiweke kwenye injini, na ile kona inainuka kimya kimya. Haioni, kwa kuwa ni ya nyuma. Anakaza bolti, raba inabanwa nje ya njia. Injini inapakwa, inafutwa, inang'aa, unalipa, unashukuru.

Kwa hiyo ukiwa dukani, ombeni itolewe kwenye pakiti, muweke juu ya meza, na msubiri. Dakika tano zinatosha. Gasketi isiyo na kasoro itajilegeza yenyewe na kukaribia umbo la kava. Iliyoharibika itabaki imeinua kona kama mguu wa panzi. Vuta taratibu pale palipokunjwa, uangalie kama kuna mistari myeupe au nyufa ndogo ndogo. Ukiziona, rudisha. Kama mkunjo ni wa kawaida na raba haina nyufa, ukifika nyumbani iloweke kwenye maji ya moto dakika chache, italegea, kisha ikaushe kabisa kabla ya kufunga. Hilo nimelifanya mara nyingi kwa magari ya ndugu.

Sasa nizipange gasketi kwa majina ya watengenezaji, na nisijifanye hakimu asiye na upande. Mimi ni mtu wa Stone, hizi gasketi za Kijapani zinazotengenezwa na Ishino. Nafasi ya kwanza ni yao. Niliyofunga baada ya ule mkasa ni Stone, niliipata ikiwa imeviringishwa kwa ulegevu, kona zake mviringo, na ilipotua mezani ilijinyoosha kama paka. Mpaka leo nyuma ya injini yangu ni pakavu. Raba yake unaisikia kidoleni, inasukuma, haibonyei na kukaa. Bei yake iko katikati, na kwa mtu anayelipia mwenyewe hapo katikati ndipo pazuri.

Ya pili ni ya Toyota yenyewe. Mtashangaa kwa nini si ya kwanza, na fundi wangu mpaka leo ananitania kwa hilo. Gasketi ni nzuri, sina ubishi. Shida ni boksi. Kwa macho yangu, kwenye maduka ya huku hakuna boksi linaloigwa kama lile, na ukishalipa bei ya orijino ukapewa feki, umeumia mara mbili. Kama una ndugu Dar anayejua duka la kuaminika, agiza, ila mwambie wazi asiikunje ili itoshee kwenye begi la mtu wa basi. Nimeshaletewa gasketi ya Toyota halisi iliyokunjwa na shemeji yangu mwenyewe, ndani ya kiatu.

Musashi, Wajapani pia, wanajulikana zaidi kwa oili sili, lakini gasketi za kava wanazo. Ukiikuta nunua, baada ya kipimo cha meza. Victor Reinz na Elring ni za Wajerumani, nazo ni nzuri sana, ila faida yake utaiona kama una gari la Kizungu, na mwenye gari la Kizungu Mtwara ana matatizo makubwa kuliko gasketi.

Zile za kipakiti cha rangi rangi zisizo na jina la kueleweka? Kama huna hela leo na gari ndilo linalokulisha, nunua iliyonyooka kuliko zote dukani, ufunge, uanze kudunduliza.

Kuna jambo moja dogo lazima niliseme kwa sababu msomaji wa Nachingwea aliniandikia akilalamika kwamba alibadili gasketi na gari bado inamisi. Kwenye injini nyingi hizi, plagi zimezama kwenye mashimo yanayopita katikati ya kava, na kila shimo lina raba yake ya duara. Hizo zikichoka, oili inajaa kwenye shimo la plagi, koili, zile zinazopeleka moto kwenye plagi, zinalowa, gari inaanza kukohoa. Duka linaweza kukuuzia gasketi kubwa peke yake bila hizo nne. Uliza seti nzima. Kwenye baadhi ya injini za Nissan raba hizo zimebanwa ndani ya kava, hazitoki, unabadili kava zima. Pole yenu.

Kwenye kufunga nina maneno machache. Silikoni haipakwi kuzunguka gasketi yote. Injini za cheni za Toyota zinataka tone dogo tu mahali pawili, pale kava ya cheni inapokutana na sirinda hedi, yaani kichwa cha injini, basi. Fundi anayepaka kila mahali anaficha kona iliyoinuka, na silikoni inayozidi inasukumwa ndani, vipande vinakatika, vinashuka na oili mpaka kwenye chujio la chini la pampu. Mabaki ya zamani yatolewe yote, na yasikwanguliwe kwa bisibisi, alumini inachubuka. Bolti zenyewe ni ndogo, za spana namba 10, zinakazwa kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje, na nguvu yake ni kama nyuton-mita 10 tu, yaani mkono wa kawaida, si wa kukazia tairi. Halafu muulize kuhusu PCV, ile valvu ndogo inayopumulisha injini. Ikiziba, presha ndani inapanda na itatafuta pa kutokea, hata gasketi iwe ya dhahabu. Gari likishafungwa, lipe silikoni muda uliotajwa kwenye tyubu kabla hujawasha.

Sasa wauzaji. Naomba mnivumilie.

Nilipoomba kwa mara ya kwanza gasketi itolewe kwenye pakiti, muuzaji aliniambia, "Dada'angu, ukifungua umenunua." Kipakiti chenyewe kimefungwa kwa stepla. Nguo tunajaribu, nazi tunaitikisa, korosho tunapasua tuone ndani, lakini raba ya kuzuia oili isimwagikie chuma cha moto inauzwa gizani. Nilizunguka maduka manne siku ile. La tatu, kijana alinishauri ninunue mbili, "moja ikikataa unayo nyingine." Sikumjibu.

Na bei. Mwezi wa 5 mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta zile mvua na barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, tuliambiwa spea zimepanda kwa sababu mzigo haufiki. Tukaelewa, hata unga ulikuwa na hadithi yake. Barabara ikapitika, malori yakarudi, bei zikabaki kule kule juu. Ukiuliza sasa, jibu ni "mzigo wa Kariakoo umepanda". Subiri minada ya korosho ianze, kila mtu ana hela ya Oktoba mfukoni, gasketi ile ile uliyoiona mwezi wa 8 imeongezewa elfu kumi, na bado iko kwenye msumari ule ule, juani. Kama gari lako limeanza kunuka, nunua kabla ya msimu.

Mimi nimeshanunua ya akiba, Stone, mwezi wa 7. Nimeilaza imenyooka juu ya kipande cha kadibodi, chini ya godoro la chumba cha wageni, mbali na dirisha. Mama mkwe alikuja kulala wiki iliyopita, akatandika upya kitanda, akaikuta. Hakusema kitu. Aliikunja vizuri, akaiweka kwenye droo.