Sprinkla kwenye ghorofa la zamani: kazi safi, malipo yanauma

Nawapa nyota 4 mafundi waliotufungia sprinkla za kuzima moto (vile vifaa vya darini vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukiwaka) hapa Minneapolis, Marekani, jengo letu la zamani halikuwa nazo. Tangu ule moto wa Cedar High, jengo refu la nyumba za kupanga hapa mjini, 2019, ghorofa ya 14, watu 5 wakafa na kule juu kwenye nyumba za watu hakuna sprinkla, kila kikao cha wamiliki ni hiyo hiyo tu, nani alipe? Mwisho chama chetu cha wamiliki kikachukua mkopo benki, tunakatwa kidogo kidogo kwenye ada ya mwezi, mwenye uwezo analipa yote mara moja akwepe riba. Kazi yenyewe jamani safi, makochi waliyafunika na nailoni, bomba za plastiki za rangi ya chungwa wakazificha vizuri, ukiangalia juu unaona kichupa chekundu tu, joto likifika kama nyuzi 68 za Selsiasi kinapasuka maji yanamwagika hapo hapo penye moto, siyo nyumba nzima kama watu wanavyodhani. Nyota moja nimekata kwa ajili ya vumbi, halafu dari wameacha na mabaka, eti kupaka rangi haimo kwenye mkataba. Ulizeni hilo kabla ya kusaini.