Dawati la mikopo la Rangi Tatu: hesabu safi, simu hawapigi

Nakaanga samaki Mbagala Rangi Tatu, mwaka wa saba huu. Hati ya nyumba sina, chumba chenyewe nimepanga. Niliposikia kuna ofisi inakutafutia mkopeshaji bila kudai nyumba, nikajua ni kausha damu walewale, wamebadilisha fulana tu.

Siyo. Wao hawakopeshi. Wanakupangia makaratasi, kisha wanakupeleka kwa mkopeshaji mwenye leseni. Ada yao ni 15,000, unalipa pesa ikishaingia. Hilo la kulipa mwishoni ndilo lililonikalisha kitini.

Kijana wa pale alinipa shikamoo, akaomba daftari. Langu lina mafuta mpaka kurasa zimegandana. Hakucheka. Alizibandua mojamoja, akawa ananakili: siku niliyokwenda soko la samaki Feri, ndoo ngapi, nimeuza shilingi ngapi. Akataka na miamala ya lipa namba ya miezi 6. Hapo nikaumbuka, maana wateja wangu wengi wanatoa keshi. Simu ilionyesha kama nusu ya biashara. Kilichonibeba ni kijitabu cha kikoba, hisa zimegongwa mhuri wiki baada ya wiki.

Halafu akanigeuzia kikokotoo. Milioni moja, miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana za watu, wasikivuke. Wakikutoza kwa mkopo mzima kila mwezi, riba inafika 210,000. Wakitoza kwa deni lililobaki, huku unapunguza sawasawa, ni 122,500. Asilimia ileile! Miaka yote nauliza "riba ngapi?" na kujiona mjanja.

"Mama, uliza na inapigwa kwenye nini," akaniambia.

Sasa malalamiko. Waliniahidi siku 10, nikakaa wiki tano. Hakuna aliyenipigia, mimi ndiye nilikuwa nafunika karai nakwenda kuuliza. Na mkopeshaji wa kwanza waliyenipeleka alitaka nimwachie kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Nilinyanyuka palepale. Waliomba radhi, wakanipa mwingine, ila mtu wa aina hiyo walitakiwa wamchuje kabla sijapanda daladala.

Tena mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake, hawakuigusa mpaka nilipouliza mwenyewe. Akajibu ile inataka kikundi. Sawa, lakini si angesema siku ya kwanza? Kikoba chetu kina wanawake kumi na wawili.

Pesa iliingia, nimenunua friza ya mtumba, samaki wa jana hawanikoseshi tena usingizi. Rejesho la pili nimelipa juzi. Nawapa nyota tatu na nusu. Ukienda, wahi saa mbili asubuhi, mchana yule kijana humkuti. Na daftari lipanguse kwanza.