Kalenda ya Access kwenye fomu za mapokezi ya dagaa, Kigoma: uzoefu wangu

Kwa fomu za mapokezi ya dagaa hapa Kibirizi natumia kalenda iliyomo ndani ya Microsoft Access (programu ya kutunza data) yenyewe, na kwa tarehe za leo na jana sijaona sababu ya kununua nyingine. Ipo tangu toleo la 2007. Ile ya zamani, MSCAL.OCX, iliondolewa toleo la 2010. Ukirithi fomu inayoitegemea, futa tu hiyo kalenda ya zamani.

Kuiwasha si kazi. Fungua fomu kwenye Design View, bofya kisanduku cha tarehe, bonyeza F4, nenda Format, kisha kwenye Show Date Picker chagua For dates. Alama ndogo ya kalenda hutokea pembeni pale tu kielekezi (cursor) kinapoingia kwenye kisanduku. Isipotokea, mkosaji karibu kila mara ni Input Mask: ukishaweka vile vistari vya kuongoza vidole, kalenda inajificha. Chagua kimoja. Kama si hiyo, angalia jedwali, huenda fildi imewekwa Short Text badala ya Date/Time. Kisanduku kisichofungwa kwenye fildi, mfano cha kuchujia ripoti, nacho kipe Format ya Short Date.

Hasara hasa inaletwa na mpangilio wa Windows. Kompyuta nyingi huja na English (United States). Karani akiandika 06/09/2024 akimaanisha Septemba 6, Access inahifadhi Juni 9. Hapa Kigoma kosa hilo linajianika lenyewe, maana mwaka ule ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15; dagaa wa Juni 9 wametoka wapi? Lakini 25/09/2024 inapita salama kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo rekodi nyingine zinakaa sawa na hushtuki. Badilisha Region iwe English (United Kingdom) kwenye kila mashine. Rekodi zilizokwisha kuingia vibaya hazitajirekebisha. Hizo ni za kupitia moja moja na stakabadhi mkononi. Karani anayebofya siku kwenye kalenda hawezi kugeuza mwezi na tarehe namna hiyo, na kwangu hapo ndipo kalenda inapolipa.

Kwenye Default Value andika =Date(), usiweke =Now(). Now hubeba na saa, na ripoti ya Between Septemba 1 na Septemba 30 huishia saa sita kamili usiku wa kuingia tarehe 30. Mzigo uliopokelewa saa moja na robo asubuhi ya tarehe 30 hauonekani. Validation Rule ya <=Date() inazuia tarehe za mbele. Anayeandika SQL ndani ya VBA akumbuke kwamba kati ya alama za # mwezi hutangulia, Region iwe yoyote.

Mahali kalenda ilipochemsha ni tarehe za kuzaliwa. Mshale unarudi mwezi mmoja mmoja, hauruki mwaka. Kutoka Machi 2025 hadi Machi 1985 ni mibofyo 480! Fildi hiyo nimeiwekea Never kwenye Show Date Picker, na Input Mask ya 99/99/0000, inayodai tarakimu nne za mwaka, kwa sababu ukiandika 29 peke yake Access inasoma 2029.