Sufuria la pilau ya sikukuu: usinunue mng'aro

Idi ikikaribia, na tena Desemba ikifika katikati, maduka ya vyombo ya Kariakoo hutoa masufuria makubwa hadi barazani, yamepakatana kutoka dogo hadi la kupikia shughuli. Mteja anaona kitu kimoja tu, alumini inayong'aa. Kumbe pale pana aina tatu zenye tabia tofauti kabisa motoni: bati jepesi, bati nene, na la kumimina, yaani la alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kwa familia inayopika pilau ya kilo tatu siku za sikukuu, halafu ikataka chombo hichohicho kichemshe makande Jumamosi ya kawaida, la kununua ni la bati nene, kipenyo sentimita 36, lisilo na mikono ya kugongomea kwa ribiti. Mengine mawili yana kasoro. Moja inaharibu ladha, nyingine inagusa afya.

Unene haupimwi kwa macho. Ukingo wa sufuria hukunjwa nje, na mkunjo huo hulifanya hata bati jembamba lionekane limeshiba. Kubonyeza ubavu kwa dole gumba kunasaidia kidogo, maana jepesi huingia ndani. Lakini kipimo cha uhakika ni mizani. Sufuria la kipenyo cha sm 36 na kina cha sm 20, likiwa na unene wa milimita 2, lina uzito wa karibu kilo 1.8 bila kifuniko. La milimita 1 halifiki hata kilo moja. Mwenye duka akikosa mizani, muuza nyanya wa jirani anayo, na hakuna ubaya kuomba. Bei peke yake isikudanganye, kwa sababu kwenye msimu jepesi lililong'arishwa vizuri linaweza kutajwa bei ya nene.

Kwa nini unene? Alumini husafirisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stili isiyoshika kutu, lakini bati likiwa jembamba joto hupanda moja kwa moja juu kabla halijasambaa pembeni. Unapata duara jeusi pale moto ulipogusa, na wali mbichi ukingoni. Hapo ndipo sikukuu inapoharibika, kwa sababu watoto hawagombanii pilau, wanagombania ukoko. Sufuria nene linatoa ukoko wa kahawia unaobanduka vipande vikubwa, wenye mafuta na punje za binzari. Jepesi linatoa mkaa mtupu, na harufu ya kuungua inapenya sufuria zima. Hakuna iliki inayoifunika.

Sufuria la vipimo hivyo lina ujazo wa lita 20. Linachukua vizuri mchele kilo 3, nyama ya ng'ombe kilo 2, vitunguu maji kilo 1, viazi kilo 1 na mafuta nusu lita. Viungo: binzari nyembamba vijiko 4 vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja na nusu, mdalasini vijiti 4, iliki 15, karafuu 12, tangawizi na saumu zilizotwangwa vijiko 4 kila kimoja. Mchele ukiiva huongezeka takriban mara tatu, kwa hiyo pamoja na nyama na viazi unafika lita 14 hivi. Nafasi inayobaki ni ya kugeuzia. Anayeng'ang'ania kilo 4 na nyama yake ajiandae kuokota punje sakafuni.

Nyama ichemshwe kwanza kwa chumvi na tangawizi, supu ihifadhiwe. Kisha kaanga vitunguu. Kilo nzima huchukua dakika 20 hadi 25 kwa moto wa wastani mpaka vikawe vya kahawia. Usiharakishe hatua hii. Rangi ya pilau inatoka hapa, si kwenye binzari, na pilau nyeupe ya watu wengi ni vitunguu vilivyotolewa mapema tu. Kwenye bati jepesi vya katikati huungua wakati vya pembeni bado vibichi, ndiyo maana mpishi hulazimika kuvitoa. Weka saumu, tangawizi na viungo, kaanga dakika mbili, kisha nyama, viazi na supu.

Kwenye maji ndipo wengi wanapokosea. Hesabu ya kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji ni ya sufuria dogo. Hapa inaleta wali bokoboko. Mchele unapoongezeka mara sita, mvuke unaopotea hauongezeki mara sita. Kwa mchele uliolowekwa nusu saa, anza na kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe, yaani kilo 3 kwa lita tano na nusu hivi. Mchele mpya wa msimu, uwe wa Kyela au wa kwingine, punguza kidogo tena. Supu ikishuka hadi usawa wa mchele, geuza mara moja kutoka chini, punguza moto, funika na palia. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, dakika 20 hadi 25, na usifunue kuchungulia.

Kupalia kunadai kifuniko chake. Kinachouzwa pamoja na sufuria mara nyingi kina mgongo na kirungu cha plastiki nyeusi katikati. Makaa yanateleza na kirungu kinayeyuka. Nunua sinia la alumini la sm 40, bapa, lenye ukingo ulioinuka. Gharama inaongezeka, lakini siku ya sikukuu sinia hilohilo ndilo la kupakulia. Mikono ya ribiti nayo haina faida hapa. Matundu yake hulegea, mafuta hujificha humo, na sufuria lililojaa lina kilo 14 hivi. Ukingo mpana, watu wawili, vitambaa vikavu. Kitambaa chenye maji hupitisha joto kama hakipo.

Wanaoishi ghorofani hawana pa kupalia, na mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua kwa hewa yake. Gesi inatosha: weka kikaango kizito cha chapati chini ya sufuria ili moto usambae, punguza kabisa, bana kifuniko kwa karatasi ya foili. Ukoko utapungua kidogo. Ila usilipandishe sufuria hili kwenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake. Uzito wote unakuwa juu, na kitako kipana hurudisha joto chini kwenye valvu. Litumie kwenye jiko la mezani, mtungi ukiwa pembeni na mpira wake.

La kumimina linavutia kwa uzito, na kwa kusambaza joto linalishinda hata bati nene. Utalijua kwa ukuta usio sawa na vinyweleo ndani. Shida ni asili yake, maana ni chakavu kilichoyeyushwa pamoja, vipande vya injini, redieta, waya. Uchunguzi uliofanywa kwenye vyombo vya aina hii katika nchi kadhaa za Afrika na Asia umekuta madini ya risasi yakiingia kwenye chakula, hasa chenye uchachu wa nyanya, ndimu au ukwaju. Risasi huathiri ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na kusugua hakuiondoi. Kwetu halipati alama.

Bati nene nalo lina masharti siku za kawaida. Maharage yenye magadi hulifanya jeusi, na majivu ya kusugulia, pamoja na kung'arisha, hula alumini taratibu. Weusi wa maji ya kisima hutoka kwa kuchemsha maji na ndimu mbili dakika kumi, kisha kuyamwaga. Pilau iliyobaki ihamishiwe kwenye bakuli. Chumvi ikilala humo huacha vitobo vidogo.

Jambo la mwisho kabla ya kulitumia: chonga herufi zako kwa msumari chini ya mkunjo wa ukingo. Rangi huungua, na sufuria zuri halikosi kuazimwa, Idi kwa jirani, Krismasi kwa mwingine, katikati harusi. Sinia nalo lichongwe. Ndilo linalosahaulika kurudi.