Nimemaliza The Awakening ya Kate Chopin, ngoja niseme yangu

Hiki kitabu mara ya kwanza nilikiacha ukurasa wa kwanza tu, maana kinaanza na kasuku yuko kwenye tundu anapiga kelele kwa Kifaransa, nikasema aah, mimi na hawa watu hatutaelewana, nikafunga. Kikakaa kwenye simu miezi. Juzi usingizi umegoma nikakifungua tena, nikijidanganya nasoma kurasa kumi nilale, jamani saa kumi alfajiri bado nimekodoa macho na kesho yake kazini nilikuwa kama mgonjwa.

Kwa ambaye hakijui, ni riwaya ya Marekani ya mwaka 1899, hakimiliki ilishaisha zamani kwahiyo unakipakua bure na wala huibi. Kuna mwanamke anaitwa Edna Pontellier, ana miaka 28, mume wake Léonce ana 40, wana watoto wawili wa kiume, wanaishi New Orleans na kiangazi wanaenda kupumzika kisiwani Grand Isle. Hana shida ya hela, nyumba kubwa, wafanyakazi wapo. Sasa huko kisiwani kuna kitu kinaanza kumtekenya ndani, anajiuliza hivi mimi ni nani na hapa nilifikaje. Ndo stori nzima hiyo, kama unatafuta matukio ya kukimbizana hutayapata humu.

Watu wengi wakikisimulia wanakimbilia Robert, yule kijana anayekuwa karibu na Edna huko kisiwani, na mambo ya mapenzi. Mimi kilichonikamata sio Robert, ni mume. Yaani huyu mwanaume hapigi mtu, hela analeta, zawadi anatuma, na bado ukisoma unahisi kifua kinabana. Kuna usiku anarudi kama saa tano kutoka kwenye starehe zake hotelini, anamkuta mkewe amelala, yeye ana stori za kupiga na mke anamwitikia kwa usingizi, roho inamuuma. Anaenda kuwaangalia watoto, anarudi anasema Raoul ana homa kali, halafu anakaa anawasha sigara lake kubwa! Edna anajua mtoto hana homa, alilala mzima kabisa. Ila anaambiwa yeye ni mama gani asiyejali watoto, anaamka anaenda kuangalia, akirudi hasemi kitu. Baba akamaliza sigara akalala fofofo. Mama yuko nje kibarazani analia peke yake mpaka mbu wakamfukuza.

Nilisoma hapo mara mbili. Sijui nani hajawahi kuwa kwenye kile kibaraza.

Halafu subiri, siku chache baadaye mume keshaenda zake mjini kikazi, linaletwa boksi la vitamu vitamu kutoka kwake, wanawake wote pale wanakula huku wanasifia kwamba hakuna mume kama Bwana Pontellier duniani, na Edna inabidi akubali kwamba kweli, yeye pia hamjui aliye bora zaidi. Nilicheka mwenyewe gizani kwa uchungu. Maana utalalamika kwa nani na utaanzia wapi, utasema alinisingizia homa ya mtoto? Watakuona mwehu na mdomo wako umejaa pipi zake.

Sehemu ya yeye kukumbuka zamani nayo ni nzuri sana ila ni fupi, nilitamani iwe ndefu. Anakaa ufukweni na rafiki yake Adèle, anaangalia bahari, mara anajikuta anakumbuka Kentucky akiwa binti mdogo, anapita katikati ya majani yanayompita kiuno huku anapiga mikono kama anaogelea. Hapo ndo unajua pia kwamba ndoa yenyewe aliingia kama kwa ubishi, baba yake na dada yake Margaret walikuwa hawataki kabisa aolewe na Mkatoliki, basi na yeye akakaza. Mwandishi anayasema haya kwa sentensi chache anapita zake, mimi nikabaki nimeshika simu. Wangapi tuliolewa ili kumwonyesha mtu fulani? Sisemi mengi, shemeji yenu anasoma humu.

Na kuogelea. Kiangazi chote watu wamemfundisha wameshindwa, wanaume, wanawake, mpaka watoto, halafu usiku mmoja anaweza ghafla, anaenda mbali, anageuka anaona nchi kavu iko kule, anaingiwa na hofu ya kufa. Anarudi anamwambia mumewe nilidhani nitafia kule peke yangu, jamaa anamjibu hukuwa mbali hivyo, nilikuwa nakuangalia. Basi!

Sasa malalamiko yangu. Kifaransa kimejaa na kama huna pa kukitafsiri kitakukera. Katikati inalegea, hizo karamu na wageni na muziki unaweza kuruka kurasa na usipotee. Ila kikubwa kilichoniuma ni yaya wa wale watoto, mwanamke mwenye damu ya Kiafrika, hana jina. Kitabu kizima! Anatajwa kwa rangi yake tu, anawafuata watoto nyuma, na ni yeye anayempa Edna huo muda wa kukaa kuwaza maisha yake. Kitabu kilitoka miaka 34 baada ya utumwa kufutwa Marekani na mwandishi hakuona haja ya kumpa hata jina moja la kuazima. Nikajikuta nawaza huyo yaya yeye anajiuliza maswali yake saa ngapi.

Chopin mwenyewe alifiwa na mume 1882 akabaki na watoto sita, kwahiyo haya ya ndoa na kulea hakuwa anayasikia kwa jirani. Kitabu kilipotoka wahakiki walimshambulia vibaya kwamba hakina maadili, akafa 1904, na kikaja kuthaminiwa miaka mingi baadaye.

Mwisho siutoi. Nitasema tu sikubaliani nao, nilikasirika, siku mbili nikawa nabishana na Edna kichwani nikiwa naosha vyombo, wanao je, ungengoja kidogo je. Ila sijaweza kuandika mwisho mwingine ambao ungekuwa wa kweli.

Nampa nyota 4, ile moja nimeikata kwa ajili ya yaya. Dada yangu nimeshamtumia, jana kaniandikia yuko ukurasa wa kwanza anauliza huyu kasuku ana shida gani.